Kipimo hasi, hedhi haipo: kisa cha mwanamke mwenye PCOS katika mji wa mpakani Uganda

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, ameolewa, hajazaa. Anauza mitumba katika mji wa mpakani mashariki mwa Uganda, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya stendi. Jina la mji, umri kamili na mambo kadhaa ya familia yameondolewa ili asitambulike.

Miaka miwili kabla ya kisa hiki, hospitali ya rufaa ilimgundua kuwa na PCOS, yaani ovari zenye vifuko vidogo vingi. Alikuwa akipata hedhi mara nne au tano kwa mwaka, nafasi kati ya hedhi moja na nyingine ikiwa siku 45 hadi 110. Alikuwa na ndevu kidevuni, na skani ilionyesha vifuko. Homoni ya tezi ya shingo na prolaktini zilipimwa zikawa sawa, kwa hiyo utambuzi ulikuwa na msingi mzuri.

Alikuwa anatumia dawa mbili. Metformini, miligramu 500 mara mbili kwa siku, alikuwa ameimeza miezi mitano mfululizo. Spironolaktoni, miligramu 50 kwa siku, aliandikiwa kwa ajili ya ndevu. Hakupewa njia yoyote ya uzazi wa mpango. Aliambiwa kwamba kwa hali yake mimba si rahisi, na kama wengi wanaoambiwa hivyo, alielewa kwamba haiwezekani.

Hapo pana mtego ambao wahudumu wengi huupita bila kuuona. PCOS huchelewesha yai kupevuka, haifungi mlango. Metformini kwa baadhi ya wanawake hurudisha upevukaji huo, na yai hutoka kabla hedhi haijarudi. Ndiyo maana mwanamke anaweza kushika mimba akiwa bado anasubiri kuona siku zake.

Ziara ya kwanza

Alifika kituo cha afya cha daraja la III siku ya 74 tangu damu ya mwisho. Siku ya ziara hii ndiyo siku ya 0 katika maelezo yote yanayofuata.

Mkononi alikuwa na pakiti ya norethisteroni (dawa ya aina ya projesteroni), vidonge 30 vya miligramu 5, aliyouziwa kwenye duka la dawa kwa maelekezo ya kumeza kimoja mara tatu kwa siku kwa siku 10 "ili hedhi ishuke". Pakiti ilikuwa haijafunguliwa. Swali lake lilikuwa moja: "Sista, nianze leo usiku?"

Ombi lenyewe lilikuwa la haki. Mwanamke mwenye PCOS anayekaa zaidi ya siku 90 bila hedhi anahitaji kuteremsha damu, kwa sababu utando wa mji wa mimba hujengeka mfululizo kwa estrojeni bila projesteroni ya kuusawazisha, na kwa miaka mingi hali hiyo huongeza hatari ya saratani ya utando huo. Kwa hiyo kumfukuza na pakiti yake lingekuwa kosa. Ila dawa hiyo haianzwi mpaka mimba iondolewe kwenye hesabu.

Alisema mimba haipo, kwa kuwa alikuwa amejipima mara mbili nyumbani na vipimo vyote vikawa hasi. Mkunga hakuridhika na jibu hilo. Alimuuliza tarehe za vipimo, kisha akamuuliza tarehe za kukutana na mumewe. Mume ni dereva wa lori la njia ya Juba na huja nyumbani kwa vipindi, jambo lililorahisisha kukumbuka. Picha ilikuwa hivi:

- Mume aliondoka siku 54 kabla ya ziara.
- Kipimo cha kwanza cha nyumbani: siku 20 kabla ya ziara. Hasi.
- Mume alirudi siku 12 kabla ya ziara. Walikutana mara kadhaa, mara ya mwisho siku 8 kabla ya ziara, akasafiri tena.
- Kipimo cha pili cha nyumbani: siku 3 kabla ya ziara, mkojo wa mchana. Hasi, ingawa aliona "kamstari ka kijivu" alipokitazama tena baada ya nusu saa.

Kituo kilipima tena saa nane mchana: hasi. Tumbo lilipapaswa, na mji wa mimba haukushikika juu ya mfupa wa kinena.

Kila kipimo kilijibu nini

Hii ndiyo sehemu inayostahili kusomwa polepole. Kipimo cha mkojo cha mimba hakijibu swali la "nina mimba leo?" Kinajibu swali la tendo la wiki tatu zilizopita na kurudi nyuma.

Hesabu yake ni rahisi. Mbegu za mwanamume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5 zikisubiri yai. Yai likirutubishwa huchukua siku 6 hadi 12 kujipachika kwenye mji wa mimba, na homoni ya mimba, hCG, huanza kuingia kwenye damu hapo tu. Kisha huhitaji siku chache kupanda hadi kiwango ambacho vipimo vingi vya mkojo hukigundua, 25 mIU kwa mililita. Tano na kumi na mbili ni kumi na saba. Ongeza nne za kupanda, unapata 21. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 anaweza kutumia "hedhi imechelewa" kama alama ya kupima. Mwenye PCOS hana alama hiyo, kwa hiyo huhesabu kutoka tendo la mwisho lisilo na kinga.

Ukipima vipimo vyake kwa hesabu hiyo, kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri sana. Kilifanywa siku 34 baada ya mume kuondoka, hivyo kiliondoa mimba yote ya kipindi kile. Pamoja na tumbo kutoshika kitu, mimba kubwa ilitoka kwenye hesabu. (Tumbo linapaswa kupapaswa hata kipimo kikiwa hasi: mimba iliyokomaa miezi kadhaa mara nyingine hukipotosha kipimo cha mkojo, kwa sababu vipande vya homoni huwa vingi mno kiasi cha kukizidi. Ukishuku hivyo, changanya mkojo na maji mara kumi na upime tena.)

Kipimo cha pili cha nyumbani na kile cha kituo havikusema lolote kuhusu ziara ya mwisho ya mume. Kimoja kilikuwa siku 5 baada ya tendo la mwisho, kingine siku 8. Na ule mstari wa kijivu wa nusu saa baadaye ni alama ya mkojo kukauka. Kipimo husomwa ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 3 hadi 5; baada ya dakika 10 hakisomwi tena, kiwe kimetoa nini.

Mkunga alipitia pia orodha ya maswali sita ya Shirika la Afya Duniani inayotumika kwenye uzazi wa mpango: hajajamiiana tangu hedhi ya kawaida ya mwisho? anatumia njia ya kuaminika ipasavyo? yuko ndani ya siku 7 tangu hedhi ianze? amejifungua ndani ya wiki 4? mimba imetoka ndani ya siku 7? ananyonyesha kikamilifu, mtoto chini ya miezi 6, bila hedhi? Jibu moja la "ndiyo" lingetosha. Kwake yote yalikuwa "hapana".

Maamuzi ya siku ya 0

Uamuzi wa msingi ulikuwa kumhudumia kama mjamzito mpaka ithibitishwe sivyo. Kipimo cha uhakika kilipangwa siku ya 13, yaani siku 21 baada ya tendo la mwisho.

Norethisteroni iliwekwa kando. Kusubiri siku 13 hakumdhuru mtu ambaye utando wake umejengeka kwa miezi. Kuanza mapema kungeweza kumdhuru mtoto na, vilevile, kumpa damu ya kumdanganya.

Spironolaktoni ilisimamishwa siku hiyohiyo. Dawa hii huzuia homoni za kiume, na viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume huanza kuumbika kwa msaada wa homoni hizo karibu na wiki ya 8 ya mimba. Metformini iliendelea. Alipewa vidonge vya chuma na foliki vinavyotolewa kliniki ya wajawazito, vyenye chuma miligramu 60 na foliki miligramu 0.4, kimoja kwa siku. Foliki ya miligramu 5 haikutumika, na sababu itaonekana mbele.

Kondomu zilikuwa sehemu ya mpango ambayo ingesahaulika kirahisi. Mume akirudi katikati na wakakutana bila kinga, hesabu ya siku 21 inaanza upya, na tarehe ya kipimo inasogea tena na tena hadi mwanamke anachoka na kumeza vidonge vyake. Mkunga alimweleza hivyo wazi. Mume alirudi siku ya 7, walitumia kondomu.

Vitu viwili viliwazwa na kuachwa. Kipimo cha damu cha hCG, ambacho maabara ya mjini ingeweza kukifanya kwa gharama kubwa kuliko kijiti cha mkojo, hugundua kiwango kidogo zaidi, lakini yai likiwa halijajipachika hata damu haina cha kuonyesha. Skani ya siku ile nayo ingeonyesha mji wa mimba mtupu wenye utando mnene, na mtu angeandika "hakuna mimba" kwenye karatasi yenye muhuri. Karatasi ya namna hiyo ni ngumu kuibatilisha baadaye.

Damu ya siku ya 4

Siku ya 4 alipiga simu kwa furaha: hedhi imekuja. Aliuliza kama bado ana haja ya kurudi, na kama pakiti ya norethisteroni airudishe dukani.

Mkunga aliuliza mambo matatu: rangi, wingi, na maumivu. Damu ilikuwa ya kahawia, pedi moja haikujaa kwa siku nzima, tumbo haliumi. Hedhi zake za kawaida, akija kuziona, hujaza pedi nne au tano kwa siku. Jibu lilikuwa kwamba damu hii haihesabiwi. Arudi siku ya 13 kama ilivyopangwa, na akipata maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, maumivu ya bega au damu nyingi, aje mara moja bila kusubiri tarehe.

Kwenye PCOS damu huja kwa njia nyingi. Utando uliojengeka mno humeguka bila yai kutoka, na yai linapojipachika huweza kutoa matone. Mimba inayotishia kutoka hutoa damu, na mimba iliyo nje ya mji wa mimba pia. Damu peke yake haimwambii mtu yupo wapi. Ile ya siku ya 4 ingeandikwa kama hedhi ya mwisho, makosa mawili yangetokea kwa mpigo: kipimo kingefutwa, na mimba ingepewa umri usio wake.

Kipimo cha siku ya 13

Alikuja na mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye chupa ndogo aliyoisafisha. Pakiti ya kijiti ilikaguliwa tarehe ya mwisho na kama imetoboka, kwa sababu kijiti kilichoingia unyevu hufa kimyakimya. Kilichovywa bila kupita mstari wa juu, kikalazwa juu ya karatasi, na mkunga akaandika pembeni: kimechovywa saa 2:12, kimesomwa saa 2:17. Mistari miwili, wa pili umekoza.

Mwanamke alikaa kimya, kisha akaomba kijiti kingine. Alipewa. Jibu likawa lilelile.

Kama kingekuwa hasi, mpango ulikuwa tayari: norethisteroni yake kama alivyoelekezwa, au medroksiprojesteroni miligramu 10 kwa siku kwa siku 10, damu ikitarajiwa siku 2 hadi 7 baada ya kidonge cha mwisho. Isipokuja ndani ya wiki mbili, anapimwa mimba tena kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Skani iliyotaka kuua mimba

Kwa kuwa damu ilitoka, na mimba ya nje ilikuwa bado haijaondolewa kwenye hesabu, alielekezwa skani mjini. Alikwenda siku ya 15. Karatasi ya rufaa ilitaja kipimo chanya na damu. Pale penye nafasi ya hedhi ya mwisho mtu alijaza tarehe ya siku 74 kabla ya ziara, kama fomu inavyodai.

Mpimaji alihesabu: wiki 12 na siku 5. Kwenye kioo aliona mfuko wa milimita 7 ndani ya mji wa mimba, bila mtoto. Aliandika kwamba mimba imeharibika na akapendekeza isafishwe.

Kwa tarehe aliyopewa, alichoandika kinaeleweka. Kwa tarehe za kweli, mfuko wa milimita 7 ndio hasa unaotarajiwa kwenye mimba ya wiki 5 na siku kidogo. Mwanamke alirudi kituoni akilia, akitaka jambo limalizike siku hiyo.

Kituo kilirudi kwenye tarehe za mume. Yai lingeweza kupevuka kati ya siku 12 na siku 3 kabla ya ziara tu. Hivyo siku ya skani mimba haikuweza kuzidi wiki 6. Pia kuna kanuni isiyovunjwa: mfuko usio na mtoto hauitwi mimba iliyoharibika mpaka wastani wa kipenyo chake ufike milimita 25 kwa skani ya kupitia ukeni, au mfuko usio na kifuko cha kiini urudiwe baada ya siku 14 au zaidi bila mtoto mwenye mapigo. Milimita 7 kwa skani ya juu ya tumbo iko mbali sana na hapo. Kwa kuwa mfuko ulikuwa ndani na hakuwa na maumivu, presha na wekundu wa damu vikiwa sawa, alipangiwa skani ya pili siku ya 34.

Safari hii rufaa ilisema: "Ana PCOS. Usitumie hedhi ya mwisho. Kipimo kilikuwa hasi siku ya 0, chanya siku ya 13." Skani ilionyesha mtoto mmoja, urefu milimita 16, moyo ukipiga. Wiki 8 kamili. Kwa hedhi ya mwisho zingekuwa 15 na siku 3.

Matokeo

Tarehe ya skani iliandikwa kwenye kadi ya kliniki kwa wino mwekundu, na ya hedhi ikakatwa. Hospitali iliongeza aspirini miligramu 75 kuanzia wiki ya 12, kwa sababu ya mimba ya kwanza na uzito wa mwili uliozidi (BMI 31). Sukari ya kufunga mwanzoni ilikuwa sawa, na kipimo cha gramu 75 za glukosi baada ya wiki ya 24 hakikuonyesha kisukari cha mimba, ambacho PCOS huongeza uwezekano wake. Metformini ilisimamishwa na daktari baada ya majadiliano. Si lazima kufanya hivyo kwa kila mgonjwa. Alijifungua salama akiwa na wiki 39, mtoto wa kilo 3.1.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni swali la pili la mkunga. Tarehe ya kipimo bila tarehe ya tendo ni nusu ya habari. Kwenye vituo vingi swali la kujamiiana huulizwa kwa aibu au haliulizwi kabisa, hasa mgonjwa akiwa na mama mkwe kwenye benchi. Hapa aliulizwa faraghani, kwa kalenda ya safari za mume, na majibu yakawa sahihi hadi siku. Tarehe zilezile ziliokoa mimba mara mbili, kwanza kwenye vidonge na kisha kwenye skani.

Skani ya kwanza ilishindwa kwenye fomu kabla ya kushindwa kwenye mashine. Kituo kilijua tarehe ya hedhi haifai lakini kiliiacha ipite kwa sababu nafasi ilikuwa tupu. Nafasi tupu lazima ijazwe na maneno "haijulikani, PCOS", pamoja na makadirio kutoka tarehe za tendo. Pia, mgonjwa asiye na maumivu angeweza kusubiri siku kumi zaidi kwa skani; wakati huo mtoto angeonekana na mjadala usingekuwepo. Kama angekuwa na maumivu, kusubiri kusingekubalika.

Makosa ya umri wa mimba yanaendelea kuuma miezi mingi baada ya kipimo. Kwa hesabu ya hedhi, mwanamke huyu angefika wiki 13 siku ya 17 na kupewa vidonge vitatu vya SP vya kuzuia malaria, akiwa kwa kweli na wiki 5 na siku 4. SP hupinga foliki na haitolewi miezi mitatu ya kwanza. Yeye alianza SP wiki ya 13 ya kweli, siku ya 69, akiwa kwenye foliki ya miligramu 0.4; foliki ya miligramu 5 hudhoofisha SP, ndiyo sababu haikuchaguliwa. Mwishoni hali ingekuwa mbaya zaidi. "Wiki 41" za hedhi, ambapo wengi huanza kuzungumzia uchungu wa kuanzishwa, zingekuwa wiki 33 na siku 4.

Vijiti vya kupima yai havikuwahi kutajwa kituoni, ila baadaye alisema alivitumia na vilitoa "ndiyo" siku tano mfululizo mwezi mmoja kabla. Kwenye PCOS homoni ya LH, ambayo ndiyo vijiti hivyo hupima, mara nyingi iko juu muda wote, hivyo vijiti hivyo hudanganya. Havifai kukadiria umri wa mimba.

Spironolaktoni bila uzazi wa mpango ndilo pengo lililoanza kabla ya kituo, na halijazibwa. Yeyote anayeiandika kwa mwanamke anayeweza kushika mimba anapaswa kuandika na njia ya kuzuia kwenye karatasi ileile, au kumweleza kwa lugha anayoielewa kwamba "si rahisi" haina maana ya "haiwezekani". Kituo sasa huuliza kila mwanamke mwenye PCOS anayekuja kutafuta hedhi: dawa zako zote ni zipi, na mara ya mwisho mlikutana lini bila kinga. Tarehe ya kipimo huhesabiwa hapohapo, siku 21 kutoka tendo hilo, na kuandikwa kwenye kikaratasi anachoondoka nacho pamoja na kondomu.